Macho ya miaka hamsini juu ya baiskeli: namna ya kuchagua miwani

Tairi la nyuma lilianza kulegea tulipopita Gezaulole, Kigamboni, jua likiwa bado halijawa kali. Nilishuka, nikaipindua baiskeli ikasimama kwa usukani na tandiko, nikachomoa tyubu, nikaanza kupapasa ndani ya tairi kutafuta kilichotoboa. Kidole kilikigusa: kitu kikali, kidogo kuliko punje ya ulezi. Jicho halikukiona. Nililisogeza tairi karibu, nikalisogeza mbali, nikaligeuzia kwenye mwanga, wapi. Na muda huohuo, nikiinua kichwa, naiona meli ya mizigo imetia nanga mbali kabisa baharini, nazihesabu na winchi zake. Kijana tuliyekuwa naye akainama. "Mzee, si huu hapa?" Akauchomoa kwa kucha. Mwiba wa mbigili, umekatikia ndani ya mpira.

Nilikuwa na miaka 49. Tangu siku ile nimenunua jozi nne za miwani, mbili zikiwa za makosa, na nimekaa na wataalamu wa macho wawili waliokuwa na subira ya kunieleza. Nilichojifunza ni hiki: miwani nzuri ya ofisini inaweza kuwa miwani mbaya ya baiskeli, hata namba zikiwa sahihi kabisa. Sababu ni kwamba juu ya baiskeli umbali wa vitu ni mwingine, na kichwa kinakaa vingine. Mtu akishaelewa mambo hayo mawili, mengine yote ya dukani yanakuwa mepesi.

Lenzi inayokakamaa

Ndani ya jicho, nyuma kidogo ya mboni, kuna lenzi ya asili. Ukitazama mbali inatulia ikiwa bapa. Ukitazama karibu, msuli unaoizunguka unajikaza, lenzi inatuna, nguvu yake inaongezeka. Tatizo ni kwamba lenzi hiyo hukakamaa kidogo kidogo tangu tukiwa watoto. Nguvu yake ya kuvuta vitu vya karibu hupimwa kwa dayopta. Mtoto wa miaka 10 anazo kama 14. Mtu wa miaka 40 amebakiwa na 5 hivi. Akifika 50 anazo 2, na akifika 60 ni 1 tu.

Halikwepeki hili. Halisababishwi na simu wala na kusoma kwa kibatari. Utafiti uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta takribani asilimia 62 ya watu wenye miaka 40 na kuendelea wana tatizo hili la kuona karibu, na hao wengi wao ni wakulima na wafugaji. Wataalamu wanaliita presibiopia.

Sasa hesabu kidogo, na naomba usiruke hapa, maana ndipo fundo linapofunguka. Ili kuona kitu sawasawa, jicho linahitaji dayopta zinazolingana na 1 gawanya kwa umbali wa kitu hicho kwa mita. Gazeti lililo sentimita 40 kutoka jichoni linahitaji 1 gawanya kwa 0.4, yaani 2.5. Tairi uliloshika mkononi ukitafuta mwiba, sentimita 30, linahitaji 3.3. Simu au kompyuta ndogo iliyofungwa kwenye usukani, sentimita 65 hivi, inahitaji 1.5. Gurudumu la mwenzako aliye mbele yako mita 2 linahitaji 0.5. Shimo lililo mita 5 mbele linahitaji 0.2, karibu na bure.

Tena jicho halipendi kutumia nguvu zake zote. Likilazimishwa linachoka na kichwa kinauma, kwa hiyo wapimaji hukadiria kwamba nusu ya nguvu ibaki akiba. Mtu wa miaka 45 mwenye dayopta 3.5 anaweza kutumia 1.75 kwa raha: gazeti linaanza kumsumbua, lakini usukani bado anausoma. Akifika 50 nguvu ya raha ni 1 tu, na hapo tarakimu za usukani nazo zinaanza kuwa na ukungu. Ndiyo maana wengi wetu hulalamika kwa mpangilio uleule: kwanza kutunga uzi kwenye sindano, halafu ujumbe wa simu, halafu kompyuta ya baiskeli. Barabara yenyewe haipotei kwa sababu hii.

Mtu akinunua miwani ya kusomea ya +2.50 pale Kariakoo na kuivaa akiendesha, lenzi hiyo imewekwa kwa ajili ya sentimita 40. Usukani uko mbali zaidi ya hapo, na barabara iko mbali zaidi ya usukani. Vyote viwili vinafifia. Nimewaona watu wanaofanya hivyo, na wanahatarisha shingo zao.

Kwanza barabara

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama macho yako yanaona mbali vizuri bila msaada. Kusoma kunafuata baadaye. Hapa watu tunatofautiana sana.

Wapo walioona mbali maisha yao yote na hawajawahi kuvaa miwani. Hawa wakifika 50 hawahitaji miwani ya namba kwa ajili ya barabara. Wanahitaji miwani ya kukinga upepo, vumbi na jua, basi, na njia fulani ya kusoma usukani.

Wapo wenye namba za kutoa, yaani mainasi, wasioona mbali tangu shule. Hawa wanahitaji namba yao ya mbali kila wanapopanda, na wana bahati moja: wakivua miwani wanaona karibu. Mwenye −2.50 akivua anaona sawasawa kwenye sentimita 40 bila chochote.

Kundi la tatu ndilo linaloshtushwa zaidi. Hawa walizaliwa na namba ya kujumlisha, plasi, lakini lenzi yao ya ujana ilikuwa na nguvu ya kutosha kuifidia, kwa hiyo hawakujua. Lenzi inapokakamaa, fidia inakwisha, na mtu aliyekuwa akijisifu kwa macho makali anaanza kupoteza karibu na mbali kwa pamoja. Mtu kama huyu akiambiwa na jirani kwamba ni macho ya uzee tu, nunua ya kusomea, anaendelea kuendesha akiwa haoni tuta mpaka limpige.

Na wengine wana astigmatizimu, jicho ambalo kioo chake cha mbele hakikujipinda sawasawa pande zote. Taa za magari usiku zinawatawanyikia kama nyota. Miwani ya kununua barabarani haina marekebisho hayo, lazima ipimwe.

Ndiyo maana kipimo kamili kwa mtaalamu ndicho cha kwanza kabla ya kufikiria fremu. Hospitali kama CCBRT na Muhimbili kwa Dar es Salaam, au KCMC kwa Moshi, zina huduma za macho, na maduka mengi ya miwani yana mtaalamu wa kupima.

Phoenix na baiskeli ya mashindano havitazami barabara kwa namna moja

Hapa ndipo nilipopoteza pesa yangu.

Kaa kwenye Phoenix ya kawaida, ile ya usukani mpana. Mgongo umesimama, kichwa kimesimama, kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Ukitaka kuona barabara mita 3 mbele ya tairi, macho yanashuka. Unatazama kupitia nusu ya chini ya lenzi.

Kaa sasa kwenye baiskeli ya mashindano yenye usukani wa pembe za kondoo. Mgongo umelala, uso unaangalia chini, na ili uone mbele unapandisha macho kuelekea kwenye nyusi. Unatazama kupitia robo ya juu kabisa ya lenzi. Wakati mwingine unatazama juu ya lenzi, kwenye ukingo wa fremu.

Miwani ya progresivu, ile ambayo namba inabadilika taratibu kutoka juu kwenda chini bila mstari, ilitokea Ufaransa mwaka 1959 kwa kazi ya mhandisi Bernard Maitenaz, nayo ilitengenezwa kwa binadamu aliyesimama au kukaa wima. Juu ni mbali, katikati ni wastani, chini ni kusoma. Pembeni mwa sehemu ya katikati na ya chini kuna maeneo ambayo picha inapinda na kuyumba. Hilo haliepukiki, ni gharama ya kuficha mstari.

Iweke sasa kwenye baiskeli mbili hizo. Kwenye baiskeli ya mashindano progresivu haina shida kubwa kwa barabara, maana unatazama kupitia juu, kwenye eneo la mbali, na usukani unauona kwa kushusha macho. Kwenye Phoenix, au baiskeli ya milimani ambayo pia mkao wake umenyooka, shimo lililo mita 3 mbele unalitazama kupitia eneo la kusomea. Linakuwa doa. Tuta la rasta linakuwa kivuli. Na unapopunguza mwendo ili ushuke, mguu unapotafuta ardhi, ardhi yenyewe inaonekana imepanda. Mimi nina baiskeli zote mbili, nilinunua progresivu moja kwa ajili ya zote, na kwa miezi mitatu nilifikiri nimeanza kupoteza uwiano wa mwili. Ilitosha kuivua.

Mwenye baiskeli ya mashindano naye ana shida yake, ambayo duka halitaifikiria usipoitaja. Lenzi ya namba ina kitovu, mahali ambapo mwanga unapita bila kuchepuka. Ukitazama mbali na kitovu, picha inahama. Kiasi cha kuhama ni namba ya lenzi mara sentimita ulizotoka kitovuni: kwa lenzi ya −4.00, ukitazama sentimita 1 juu ya kitovu, kitu kilicho mita 1 kinaonekana kimehama sentimita 4. Macho yote mawili yakiwa na namba moja, ubongo unazoea. Lakini kama jicho la kulia ni −1.00 na la kushoto ni −4.00, picha mbili zinahama kwa viasi tofauti, moja juu ya nyingine, na mtu anaanza kuona mstari wa barabara mara mbili kila anapoinama. Dawa yake ni kumwambia mtengenezaji apandishe kitovu cha lenzi, na kuchagua fremu ambayo ukingo wake wa juu ni mwembamba au haupo kabisa.

Njia za kuusoma usukani

Baada ya barabara kuwa sawa, ndipo tunakuja kwenye tarakimu. Naanza na njia rahisi kuliko zote, ambayo wauzaji hawaitaji kwa kuwa haiuzwi: ongeza ukubwa wa maandishi. Kompyuta nyingi za baiskeli zinakuruhusu kuchagua vitu vingapi vionekane kwenye ukurasa mmoja. Mimi nilikuwa navyo vinane. Sasa ni vitatu: mwendo, umbali, saa. Tarakimu zimekuwa kubwa kama ukucha wa kidole gumba, nazisoma bila miwani yoyote.

Njia ya pili, na ndiyo ninayoitumia, ni lenzi ya namba moja ya mbali (au isiyo na namba, kama mbali unaona) puani, na miwani ya kusomea ya bei rahisi kwenye mkoba wa chini ya tandiko, pamoja na viraka na solusheni. Miwani hiyo ni ya tairi, cheni na kusoma ujumbe mkisimama kunywa maji ya dafu. Mwezi uliopita nilitobokewa tena, njia ileile ya Kigamboni. Nilivaa +2.50 yangu, nikalishika tairi karibu, na kumbe mbigili ilikuwa imeacha miiba miwili, mmoja wa rangi ya majani makavu na mwingine umeshakuwa mweusi kwa lami. Kwa kidole peke yake ningeutoa mmoja, nikaziba, nikatobokewa tena baada ya kilomita mbili.

Kama unataka kila kitu kwenye miwani moja, fikiria baifoko, yaani lenzi yenye namba mbili zilizotenganishwa na mstari, kabla ya progresivu. Ni teknolojia ya zamani. Benjamin Franklin aliitaja kwenye barua ya mwaka 1784. Watu wanaikwepa kwa sababu ya ule mstari unaoonekana, lakini juu ya baiskeli mstari ni rafiki: unajua barabara inaishia wapi na usukani unaanzia wapi, na pembeni hakuna mawimbi. Sharti ni mawili. Kidirisha cha chini kiwe kidogo na kikae chini kabisa, kisikatize barabara. Na namba yake ya nyongeza iwe ya usukani, siyo ya gazeti. Rudi kwenye hesabu yetu: kwa sentimita 65, mtu wa miaka 50 anahitaji nyongeza ya +0.50 tu, wa 60 anahitaji +1.00, na asiyebakiwa na nguvu kabisa anahitaji +1.50. Duka likikuwekea +2.25 kwa mazoea, litakuwa limekupa miwani ya kusomea kitabu wakati unaendesha.

Vipo pia vidirisha vya plastiki laini vinavyobandikwa kwa maji ndani ya miwani ya jua ya kawaida. Kwa aonaye mbali vizuri, hiyo ni njia ya bei ndogo ya kujaribu kabla ya kuagiza lenzi. Vikikaa vibaya unavibandua, unaviosha, unaanza upya.

Lenzi za kuvaa ndani ya jicho zinasifiwa na wanamichezo wengi, na kweli zina faida: upande wote wa kuona uko wazi, na unavaa miwani ya jua yoyote. Lakini macho ya utu uzima hutoa machozi kidogo, upepo wa baiskeli unayakausha zaidi, na vumbi la barabara zetu likiingia chini ya lenzi maumivu yake hayasubiri ufike nyumbani. Wengine huwekewa jicho moja la mbali na jingine la karibu. Inafanya kazi mezani; barabarani inapunguza uwezo wa kukadiria kina, na kukadiria kina ndiko kunakokuambia shimo ni la kuruka au la kukwepa. Ukichagua lenzi za jichoni, usiwahi kuziosha kwa maji ya bomba wala ya kisima. Kuna kimelea anayeishi kwenye maji hayo, akantamiba, anayeweza kula kioo cha jicho.

Fremu iliyopinda

Miwani ya baiskeli imepinda kuufuata uso, na ina sababu: inazuia upepo na vumbi kutoka pembeni. Lakini lenzi ya namba ikikaa kwa mshazari mbele ya jicho haibaki na namba ileile. Nguvu inabadilika kidogo, na inazuka astigmatizimu ambayo hukuzaliwa nayo. Duka moja lilinitengenezea namba zangu za kawaida ndani ya fremu ya namna hiyo bila marekebisho yoyote. Namba kwenye karatasi zilikuwa sahihi. Nikivaa, barabara iliyo tambarare inaonekana imebenuka kama mgongo wa mtumbwi uliopinduliwa, na baada ya nusu saa kichwa kinagonga. Niliirudisha, wakaniambia nitazoea. Sikuzoea.

Marekebisho yapo. Maabara inaweza kukokotoa lenzi upya ikipewa pembe ya mpindo wa fremu, mwinamo wake, na umbali wa lenzi hadi jichoni. Uliza moja kwa moja: je, maabara yenu inarekebisha kwa ajili ya mpindo? Wakisita, chagua fremu iliyonyooka zaidi, yenye lenzi pana kiasi, ukubali upepo kidogo pembeni. Namba zikiwa kubwa, kuzidi 4 hivi kwa upande wowote, fremu iliyopinda sana haifai hata kwa maabara nzuri; kingo zinakuwa nene na mpindo wa picha unabaki.

Ipo njia ya kati: miwani ya kinga isiyo na namba, ndani yake kikifungwa kijifremu kidogo chenye lenzi zako. Kioo cha nje unakibadilisha kwa jua au mawingu, namba inabaki ileile. Ubaya wake tunaoishi pwani tunaufahamu upesi: nyuso nne za lenzi, unyevunyevu wa Dar, ukisimama kwenye taa tu kunatanda ukungu. Na kama una kope ndefu zitagusa kijifremu kila unapopepesa.

Kuhusu malighafi sitachukua muda. Vioo halisi visiingie kwenye baiskeli. Jiwe moja linaloruka kutoka tairi la lori linatosha. Polikaboneti haivunjiki kirahisi na yenyewe kwa asili huzuia miale ya urujuanimno, hata ikiwa nyeupe isiyo na rangi. Udhaifu wake ni kuchubuka, na kutawanya rangi pembeni mwa lenzi: kipimo cha usafi wa rangi, kinachoitwa Abbe, ni 30 hivi kwa polikaboneti, wakati plastiki ya kawaida ya CR-39 ina 58. Trivex, plastiki ya aina nyingine, iko katikati, 43 hadi 45, nayo ni ngumu kuvunjika. Kwa namba ndogo polikaboneti inatosha. Lakini usiifute kwa fulana yenye chumvi ya jasho na mchanga. Mwagia maji kwanza, yaondoe mchanga, ndipo ufute.

Mwanga ambao haukufikii

Jambo hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mengine, kwa sababu halina maumivu. Kadiri umri unavyokwenda, mboni ya jicho haifunguki tena kwa upana wa zamani, na lenzi ya ndani inakuwa ya manjano. Inakadiriwa kwamba mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni theluthi moja tu ya ule unaofika kwa kijana wa 20. Na akimulikwa na taa kali, anachukua muda mrefu zaidi kurudi kuona.

Miwani ya jua hupangwa kwa makundi kuanzia 0 hadi 4. Kundi la 0 hupitisha asilimia 80 na zaidi ya mwanga. Kundi la 3, ambalo ndilo tunalouziwa zaidi, hupitisha asilimia 8 hadi 18. La 4 hupitisha 3 hadi 8, na halifai barabarani. Chukua sasa mtu wa 60 amevaa kundi la 3 lenye asilimia 12 jioni, jua linazama. Theluthi ya 12 ni 4. Anaendesha na mwanga wa asilimia 4 ya ule anaoupata kijana asiyevaa kitu anayempita kwa pembeni. Na kwetu huku karibu na ikweta giza haliji kwa hatua. Jua likizama, muda mfupi baadaye ni usiku.

Kwa hiyo ukienda safari ya kurudi jioni, beba lenzi nyeupe. Au tumia zinazobadilika rangi juani, fotokromiki, ukijua tabia zake mbili: zinageuka nyeusi haraka lakini zinarudi nyeupe polepole, dakika kadhaa, na penye joto kali haziwi nyeusi kama zinavyokuwa penye baridi. Mchana wa Dar zitakuwa za wastani. Asubuhi ya jua na baridi ya Lushoto zitakuwa nyeusi kuliko unavyotaka. Ukitoka juani ukaingia ghafla chini ya mikorosho, kwa muda huo unaendesha gizani. Punguza mwendo.

Lenzi za polaraizi zinaondoa mng'ao wa lami iliyolowa, raha kweli. Lakini mng'ao huohuo ndio unaokuonyesha palipomwagika mafuta, na skrini nyingi za usukani huonekana nyeusi kupitia lenzi hizo. Mimi naziachia ufukweni. Miwani ya manjano ya kuendeshea usiku haiongezi mwanga, inapunguza. Taa nzuri ya mbele itakufaa zaidi.

Angalia pia mikono ya fremu, ile ya pembeni. Ikiwa mipana inaziba bajaji inayotokea ubavuni, na ukigeuza shingo kutazama nyuma, utaona plastiki tu.

Dalili ambazo miwani haitibu

Namba ikibadilika haraka, usikimbilie lenzi mpya. Mtu wa miaka 60 anayejikuta ghafla anasoma bila miwani yake hushangilia. Mara nyingi ni mtoto wa jicho anayekomaa katikati ya lenzi na kuisukuma kwenye mainasi, na kuona mbali kunaharibika kwa kiasi hichohicho. Sukari ya damu isiyodhibitiwa nayo huhamisha namba, leo hivi, wiki ijayo vingine. Subiri itulie kwa wiki kadhaa ndipo upime. Na presha ya macho, ambayo kwa watu wenye asili ya Afrika huja mapema zaidi na kwa wingi zaidi, inakula uwezo wa kuona pembeni kimyakimya, huku herufi za ubaoni bado unazisoma zote. Mwendesha baiskeli anayeanza kushtushwa na pikipiki "zinazotokea pasipojulikana" aombe apimwe presha ya macho na upana wa kuona. Kinyama kinachoota kutoka kona ya jicho kuelekea kwenye mboni hushamiri kwa jua, upepo na vumbi, yaani maisha yetu barabarani. Anza kuvaa kinga kabla hakijafika katikati.

Siku ya kupima

Kabla ya kwenda, panda baiskeli yako, shika usukani kama unavyoushika barabarani, na mtu apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye kona ya jicho hadi kwenye skrini. Andika. Yangu ni sentimita 68 kwenye ya mashindano na 74 kwenye ile iliyosimama. Mwombe pia akupige picha kwa pembeni, kichwa kikiwa kimekaa kama unavyoendesha, na uende na picha hiyo. Mtaalamu akiiona atajua mara moja macho yanapitia wapi kwenye lenzi. Maelezo ya mdomo hayafiki. Nenda na miwani unayotumia sasa, na helmeti, maana fremu nyingi zinazopendeza kwenye kioo cha duka hugongana na mikanda yake.

Ukishapimwa, omba nakala ya karatasi ya namba zako, pamoja na umbali kati ya mboni mbili. Fremu ukiivaa, usijitazame tu kwenye kioo. Inama hapohapo dukani kama uko kwenye usukani, tazama mlango wa kutokea, halafu saa ya mkononi, halafu vidole vya miguu. Geuza shingo kulia na kushoto.

Siku za mwanzo pita njia unayoijua matuta yake yote, alfajiri ya Jumapili, magari yakiwa machache. Macho yatahitaji siku kadhaa, kwa baifoko na progresivu mpaka wiki mbili. Zikipita hizo, na bado unaona ukingo wa barabara mara mbili au mguu unakosea kimo cha ardhi unaposhuka, irudishe uwaambie wapime upya kitovu cha lenzi, wewe ukiwa umeinama.